Koo la Baba Lina Wenyewe Wengi

Orunele, Jumapili mchana

Mdogo wangu Bachisio,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na mkeo Heike, na huyo binti yenu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na kwamba kiwandani wamekupa ile kazi ya kukaa uliyokuwa ukiiomba. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa mpigo. Paa la zizi la juu linavuja palepale ulipoliziba wewe. Kondoo wameanza kuzaa. Shangazi Giuanna anakusalimu na anauliza kama soksi zilifika. Mjibu mwenyewe, maana nimechoka kuwa posta yenu.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia, sijafika nusu ya habari wewe umeshaamua, umeshapata kliniki huko Ujerumani, umeshapanga nani ampokee Baba uwanja wa ndege. Karatasi huwezi kuikatiza. Kwa hiyo kaa chini, mwombe Heike kahawa, usome mpaka mwisho, kisha ndiyo ukasirike. Nina ombi kwako, nalo liko mwishoni. Usiruke mistari kwenda kulitafuta.

Ya mwanzo unayajua. Sauti ya Baba imekwaruza tangu kiangazi, sisi tukasema vumbi, yeye akasema uzee, na Shangazi akasema ni upepo unaopenya kwenye lile dirisha la gari lisilofunga. Nikamburuta mpaka Nuoro. Daktari Loddo, yule mama mfupi mwenye miwani nyekundu, akaingiza kamera, akakata kipande kidogo cha nyama, na baada ya siku kadhaa akatuita. Saratani, ndogo, kwenye uzi mmoja wa sauti, na imeshikwa mapema. Hayo nilikwambia. Ambacho hukunipa nafasi ya kukwambia ni jinsi mama yule alivyozungumza nasi, na balaa lote limeanzia hapo.

Alituketisha, akatuchorea koo kwenye karatasi. Akasema njia ni mbili. Ya kwanza ni kukata kwa leza kupitia mdomoni: Baba analazwa usingizi, anaamka, kesho au keshokutwa yuko nyumbani. Ya pili ni mionzi: dakika chache kila siku ya kazi, kwa muda wa wiki sita hivi, Nuoro kwenda na kurudi. Akasema madaktari wamekuwa wakiwalinganisha kwa miaka wagonjwa waliopita njia hii na waliopita njia ile, na kwa upande wa kupona hawaoni tofauti ya maana. Wengi mno wanapona kwa zote mbili. Tofauti ziko kwingine. Ziko kwenye sauti inayobaki, kwenye muda na usumbufu, na kwenye kinachobaki mkononi ugonjwa ukirudi, kwa sababu leza unaweza kuirudia, na mionzi ikawa bado iko akiba. Lakini mionzi ukishaipiga pahali, kwa kawaida huipigi tena palepale. Alieleza polepole, bila kutuona wajinga. Kisha akaweka kalamu chini, akamgeukia Baba na kumuuliza: “Wewe mwenyewe, Bwana Costantino, baada ya kupona, kitu gani ni muhimu kwako kuliko vyote?”

Baba akamtazama kana kwamba amemwambia avue suruali. Akachukua kofia yake, akashukuru, tukatoka.

Ndani ya gari ndiyo mdomo ukafunguka. “Daktari gani anamuuliza mgonjwa? Kondoo akioza kwato, mimi namuuliza anapenda dawa ipi?” Nikamwambia yeye si kondoo. Akasema kondoo ana bahati, maana anatibiwa na mtu anayejua kazi yake. “Yule mama hajui. Angejua, angesema. Mtu anayejua haulizi.” Tulipofika nyumbani alilirudia hilo kwa Shangazi, Shangazi akalipeleka kwa mwokaji mikate, na kufikia jioni Orunele nzima inajua kwamba Nuoro wameweka daktari asiyejua kutibu koo. Mama wa watu amesoma nusu ya maisha yake, ametuonyesha heshima ambayo sijawahi kuonyeshwa na mtu aliyevaa koti jeupe, na malipo yake ndiyo hayo.

Basi Shangazi akatoa mtu wake. Unawajua watu wa Shangazi. Hata ukitaka kung'oa jino, yeye ana mtu. Safari hii alikuwa profesa mmoja wa Cagliari, ambaye marehemu mama yake alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Tukaenda na jibini mbili za moshi, kubwa, zile ambazo Baba huwa hataki hata kuniuzia mimi. Profesa akapokea jibini, akatazama picha akiwa bado amesimama, akasema: “Tunakata. Jumanne ya wiki ijayo.” Na Baba, Bachisio, uso ukamchanua. Nikauliza, kwa adabu zangu zote, kuhusu sauti. Profesa akamuuliza Baba anafanya kazi gani. Baba akasema mchungaji. Profesa akacheka, akasema kondoo hawatalalamika. Baba naye akacheka.

Nilitaka kupita ukutani. Baba kwa miaka arobaini ndiye bassu, sauti ya chini, ya kundi la waimbaji wanne wa Orunele. Wewe na mimi tumelelewa na sauti ile, inayotoka chini kabisa, bim-bam-bo, bila neno hata moja, huku Predu juu yake akisema shairi na Gonario na Elia wakijaza katikati. Kuna watu wamesafiri na vinasa sauti kutoka ng'ambo kuja kuisikiliza. Na amekaa mbele ya mtu anayetaka kulikata koo lile, anasema “mchungaji”, basi, kwa sababu kwetu mwimbaji hajitaji. Anangoja mtu mwingine amtaje. Nilipofungua mdomo nimtaje mimi, akanikanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga na kiatu cha misa, kile chenye soli ngumu.

Njiani alisema, “Huyu ndiye daktari.” Sikumjibu mpaka tukafika Macomer, na nilipomjibu ilikuwa ni kuuliza kama anataka kukojoa.

Kwa kuwa ndani ya nyumba hii hakuna mwingine anayesoma kitu mpaka mwisho, nikarudi kwa Daktari Loddo peke yangu. Sikumficha kwamba tumekwenda kwa mwingine. Hakununa. Alinipa karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya watu wasio madaktari, zinazoeleza hizo tafiti: wagonjwa wangapi, walipata nini, wanajisikiaje baada ya mwaka na baada ya miaka. Nikazisoma jikoni huku maharage yakiungua. Sasa nikwambie jambo la sauti. Wagonjwa wale wameulizwa maswali kama haya: je, watu wanakusikia kwenye simu? Je, wanakusikia mezani penye kelele? Je, unaishiwa pumzi ukizungumza? Kwa mazungumzo ya kawaida, waliopigwa mionzi wameonekana wako afadhali kidogo, sauti yao haitoki na pumzi nyingi kama ya wale waliokatwa. Kidogo, na karatasi zenyewe zinakiri kwamba waliopimwa si wengi. Nikamrudia daktari, nimechemka. Nikamuuliza waimbaji wako wapi humu. Simu ni nini? Baba yangu simu anaijibu kwa kuguna. Akaniambia waimbaji hawamo. Bassu wa Sardinia hakuna aliyewahi kumlinganisha na yeyote.

Nikamng'ang'ania. Mwishowe akasema kwamba, kwa jinsi anavyoelewa yeye, ule mngurumo wa bassu unatoka kwenye mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi zenyewe za sauti. Labda leza ingeweza kuiacha salama mikunjo ile, wakati mionzi hukausha mahali pote kwa pamoja. Akalitaja lile “labda” mara mbili, kisha akasema hataki niondoke pale nikidhani ameniambia kitu anachokijua. Nilimkasirikia na nilimheshimu kwa wakati mmoja, na nilirudi nyumbani na uamuzi. Leza. Si kwa sababu ya profesa na jibini zake. Kwa sababu ya bassu. Tena leza ya hapahapa Nuoro, kwa daktari ambaye anajua anakata koo la nani. Nilijiona mwerevu sana, Bachisio. Mtu pekee mwenye akili kati ya Nuoro na bahari.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe wenye koo hawajafika. Jumapili baada ya misa wakaingia Predu, Gonario na Elia, wamevaa makoti yao ya sherehe, kama watu waliokuja kuposa. Wakakaa. Nikawapa divai. Predu akakohoa, akaanza kwamba yeye anamheshimu binti wa rafiki yake, na kwamba binti wa rafiki yake amesoma, lakini koo la Costantino si la Costantino peke yake, ni la watu wanne, na watu wanne wana haki ya kulizungumza. Nikamuuliza kama watu wanne watalazwa kitanda kimoja. Akasema, “Bonaria mwanangu, mdomo huo ndio uliokukosesha mume.” Nikampa divai nyingine ili nisimpe chupa ya kichwa.

Gonario akaleta ushahidi wake: shemeji yake alipigwa mionzi na tangu siku hiyo hawezi kula kitu cha pilipili. Nikamwambia shemeji yake alipigwa mionzi ya kibofu. Akanijibu kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba mwili ni mmoja. Elia alikuwa amesikia kwa mtu kwamba Milano wana matone, unaweka chini ya ulimi na kila kitu kinayeyuka. Mtu yupi? Hakumbuki, lakini alikuwa mtu wa kuaminika. Nikawawekea zile karatasi mezani. Predu akazitazama kwa mbali, akaweka glasi yake juu yake.

Hoja ya Predu ilikuwa kalenda. Januari ni mioto ya Mtakatifu Antonio, na tangu wawe vijana hawajawahi kukosa kusimama mbele ya ule moto wote wanne. “Akikatwa sasa, Januari yuko nasi. Akiingia kwenye hayo mambo ya wiki sita, tutasimama watatu kama meza iliyokatwa mguu.” Wakapiga kura, kwa kunyoosha mikono, ndani ya jiko langu, kuhusu koo la mtu aliyekaa palepale. Mikono yote ikawa ya leza. Shangazi naye akanyoosha wake kutoka kwenye jiko la kuni, ingawa hakuna aliyemwita. Na wewe ulikuwa umeshapiga kura yako kwa simu: leza, ila iwe ya Kijerumani. Na mimi leza. Kwa mara ya kwanza tangu Mama azikwe, ukoo mzima tumekubaliana jambo moja, kila mtu kwa sababu yake. Baba alikuwa anamenya peari kwa kisu chake, ganda likitoka refu bila kukatika. Tulipomgeukia akasema, “Fanyeni mnavyoona.” Sote tukaona amekubali.

Nikapanga tarehe Nuoro. Nikamnunulia nguo za kulalia mpya, maana zile alizonazo siwezi kuzionyesha kwa manesi.

Alhamisi tukaenda kutia sahihi. Daktari Loddo akatukaribisha, akaniuliza habari za kondoo, halafu, bila kubadili sauti, akaniomba nikachukue kahawa. Nikasema sihitaji kahawa. Akasema anajua. Ndiyo nikaelewa kwamba nafukuzwa. Nilisimama kwenye korido karibu na mashine ile ya kahawa, nimefura, najiambia kwamba mimi ndiye niliyesoma karatasi zake zote, mimi ndiye niliyemtetea kwa kijiji kizima, na sasa ananitoa nje kama mtoto aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa. Mlango ulikawia. Ulipofunguka, Baba alitoka na kofia mkononi na karatasi ya sahihi ikiwa haina sahihi. Daktari akaniambia kwamba Bwana Costantino ana neno, na kwamba angependa aliseme mwenyewe, kwa wakati wake.

Kwa wakati wake, Bachisio, ni kwamba hakusema kitu njia nzima. Wala wakati wa chakula. Alisema zizini, tukikamua, kwa sababu pale mtu anampa mwenzake mgongo. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea ubavu wa kondoo, na sauti ile ya kukwaruza ikatoka chini ya tumbo la mnyama: “Leza siitaki.”

Nikamuuliza kwa nini, kwa upole kadiri nilivyoweza, yaani si sana. Nikamweleza upya habari ya mikunjo na mngurumo. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, “Bassu siitaki pia.”

Nilidhani sikusikia. Akaendelea kukamua. Akasema kwamba kwa miaka arobaini amesimama kushoto kwa Predu akisema bim-bam-bo. Predu ndiye anayesema maneno. Yakiwa mazuri, ni ya Predu; yakiwa ya kijinga, na akaniapia kwamba mengi ni ya kijinga, bado ni ya Predu. “Na mimi nina maneno yangu, Bonaria.” Anatunga mashairi. Anayatunga akiwafuata kondoo, anayahifadhi kichwani, na hajawahi kumwambia mtu, hata Mama. Bassu hawezi kuamka siku moja akasema nataka kusema maneno, kwa sababu akitoka, wanne wanavunjika. Hakuna bassu mwingine hapa, wanaume watatu wangenyamaza kwa ajili yake. Basi akakaa. Watu walikuja na vinasa sauti, wakamsifu, akazidi kukaa. Halafu akasema jambo ambalo lilinifanya niache kukamua. Siku Daktari Loddo alipotaja saratani, kabla hajaogopa, kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Alijiambia: sasa nina sababu. “Nikaona aibu,” alisema. “Mtu anaambiwa habari kama ile, anafurahi. Nilidhani nimerukwa na akili.”

Nikamuuliza mbona alimtukana yule mama kijiji kizima kwa kumuuliza swali. Akasema, “Nilikasirika kwa sababu jibu nililijua.”

Alhamisi, nikiwa kwenye korido na hasira zangu, daktari alimuuliza tena lile lile, na safari hii akajibu. Akamwambia anataka kusema maneno yake mbele ya watu, kwenye karamu, watu wakiwa wanakula na kunywa, nao wayasikie. Bassu ikienda na iende. Daktari akamfungulia ile karatasi na kumwonyesha lile swali la mezani penye kelele, ambalo mimi nililibeza kwamba ni la watu wa simu. Baba akaweka kidole juu yake. Akamwambia, hilo ndilo langu. Basi kwa hilo mionzi iko mbele, si mbele sana, na daktari hakumficha. Alimweleza pia kwamba ugonjwa ukirudi baada ya mionzi, njia zinazobaki ni chache na ngumu zaidi, na pengine koo lenyewe litolewe. Baba akamwomba alirudie hilo. Akamwomba alirudie tena. Nami nikalirudia zizini, nikiwa nimesimama, nikamwambia anaweka shingo yake rehani kwa ajili ya mashairi. Akasema: “Nimelisikia. Ni shingo yangu. Nina miaka sabini na moja.”

Nikamwambia, kwa nini basi ulitwambia tufanye tunavyoona? Mimi nimesoma mpaka macho yameniuma, nimegombana na Predu, nimeunguza maharage. Akageuka kwa mara ya kwanza, akanitazama, akasema, “Mlikuwa mnaona vizuri mno. Nani angewakatiza?”

Nililaumu kijiji, nikamlaumu profesa, nikakulaumu wewe, kwamba hakuna anayemuuliza mwenye koo. Mimi nilikuwa na karatasi zote za dunia na sikumuuliza.

Predu amekwisha kuambiwa. Baba alikwenda mwenyewe, baa, mbele ya watu. Predu akaacha glasi haijaisha, na kwa Predu hilo si jambo dogo. Jana alikuja akasimama nje ya lango, hakutaka kuingia, akasema kwa sauti ya kuwasikilizisha majirani: “Miaka arobaini umesimama karibu yangu, kumbe unanihukumu?” Baba akamjibu, “Si kila siku.” Predu akaondoka. Hawajasemezana tena, na sijui kama watasemezana, wala Baba hajui, na jana usingizi haukumchukua. Gonario anajifunza bassu kwenye ghala lake. Anasikika kama mashine ya kufulia yenye jiwe ndani. Shangazi ananuna kwa niaba ya profesa. Mimi nimelazimika kupiga simu ya kufuta tarehe niliyoipigania kwa wiki nzima.

Sasa ombi, Bachisio. Kliniki ya Ujerumani iache. Wapigie uwaambie mgonjwa amewaponyoka. Mionzi inaanza Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu. Mimi nitamwendesha Nuoro kila siku na kurudi, na daktari amesema kufikia wiki za mwisho koo litamuuma, atameza kwa shida na atachoka. Kondoo wanazaa sasa na wanakamuliwa asubuhi na jioni. Siwezi kuwa barabarani na zizini. Nakutaka wewe, mwili wako na mikono yako, mpaka baada ya Krismasi. Usinitumie ushauri. Ushauri tunao wa kutosha kuuza sokoni. Mwambie Heike ukweli, yeye ataelewa kabla yako.

Na kabla hujauliza kama yote haya yanafaa, nikwambie lililobaki. Siku ile zizini nilimwambia, haya basi, nisikie hayo maneno yaliyokuzuia kukatwa. Nilisema kwa hasira. Akaweka ndoo chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, akavua kofia, akasimama kati ya kondoo kama mtu aliye jukwaani, akaanza. Bachisio, ni mabaya. Nimengoja siku tatu ili nimtendee haki, na bado ni mabaya. Kuna mwezi unaofanana na jibini. Kuna mjane analia, halafu mto unalia, halafu kondoo analia, na vina vinapomwishia anarudia neno lile lile na kulisema kwa nguvu zaidi. Ubeti uliomhusu Mama niliusikiliza kwa shida, si kwa ubaya wake. Sauti ilimkatika mara kadhaa. Alingoja irudi, akaendelea pale pale alipoachia. Alipofika mwisho alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hakuniuliza kama ni mazuri. Aliniuliza kama nimeyasikia, pale nilipokaa, na kondoo wote wale wakipiga kelele. Nikamwambia nimesikia kila neno.

Mfikishie Heike salamu zangu za upendo, na umbusu mtoto kwa niaba ya babu yake, ambaye hajui nakuandikia. Ukipata tikiti nitumie siku na saa tu, bila maoni.

Dada yako,
Bonaria